Harufu ya Ijumaa Juu ya Boz-Archa

Miaka yote tangu awe mjane, kila Ijumaa ya majira ya baridi, Anarkan alipanda mlima Boz-Archa akiwa na unga uliokandwa mgongoni, akakaanga maandazi madogo kwenye kibanda cha bati kilichokuwa juu kabisa ya mteremko. Watu wa kwao hukaanga Ijumaa ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu wao. Wengine hukaangia jikoni. Yeye alikaangia mlimani kwa sababu mumewe, Shergazy, aliyeendesha lifti ya zamani ya kamba, iliyovuta watu wakiwa wamesimama kwenye ski zao, alifukiwa na poromoko la theluji kwenye korongo lililo chini tu ya kibanda kile. Hakuamini kwamba harufu ya jikoni ingefika mbali hivyo.

Nusu ya mji ilijifunza kuteleza kwa ski mikononi mwa Anarkan. Walipoanza kushuka walisimama kibandani, wakavua glavu, wakala andazi la moto, wakapitisha viganja usoni kumwombea Shergazy, kisha wakaendelea na safari yao ya chini.

Wenye mali wapya walionunua mlima walipokuja kuzungumza na watu wa mji, wengi walinung'unika. Anarkan alisimama akauliza jambo moja tu: korongo lile mtalifanyaje? Wakamjibu kwamba kila theluji nzito ikianguka, wataiporomosha kwa baruti asubuhi kabla watu hawajapanda.

"Basi waje," alisema, na mkutano mzima ukamfuata.

Ahadi waliitimiza. Korongo halikuua tena. Lakini kibanda kilikuwa pale pale baruti ilipopaswa kutegwa, kikabomolewa, na moto ukapigwa marufuku mlima mzima.

Ijumaa ya kwanza ya lifti mpya ya viti, Anarkan aliweka jiko lake kwenye maegesho ya magari, karibu na geti. Omurzak, dereva wa teksi aliyekuwa rafiki wa Shergazy, alikuja na ski zake begani.

"Si ulisema waje, shemeji? Haya, wamekuja. Tunapita getini mmoja mmoja kama kondoo wa josho. Jana mashine ya geti ilinikataa. Mimi! Nimeteleza hapa kabla aliyeitengeneza hajaota jino."

"Umenenepa, haikukutambua."

Omurzak alicheka, kisha akaacha. Moshi wa jiko ulipanda hadi usawa wa mabasi, ukachanganyika na dizeli na nyama choma ya mgahawa mpya, ukapinda kuelekea barabarani.

"Hivi kutoka hapa harufu inamfikia kweli?" aliuliza polepole.

Anarkan aligeuza maandazi.

Kubat, msimamizi wa mlima, alitokea ofisini na koti lake jekundu. Naye alikuwa mwanafunzi wa Anarkan.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unakuja kunifukuza na hapa?"

"Aa, mwalimu, usiseme hivyo. Hapa hakuna wa kukugusa."

"Nirudishie kibanda changu."

"Tungekiacha bila baruti, si kingeshuka siku moja na wewe ndani?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma Anarkan. Angepata wa kumlaumu, angelala vizuri zaidi. Aliopoa maandazi, akayafunga kwa kitambaa, kisha kwa taulo, akayasukuma ndani ya koti la Kubat.

"Yapeleke yangali moto. Yafungue pale kilipokuwa kibanda."

"Mwalimu, nina wageni wananingoja..."

"Kubat."

Akafunga zipu, akaenda.

Anarkan aliliangalia koti jekundu likipaa. Kisha viti vikasimama, vikaanza kuyumba. Zamani lifti ya kamba ikisimama, mtu alibaki amesimama kwa miguu yake. Hii ya viti ilimwacha hewani. Simu ikalia.

"Tumekwama, mwalimu. Upepo umezidi, lifti imezimwa."

"Uko wapi?"

"Juu ya korongo."

"Bado yana moto?"

"Yananiunguza kifua."

"Basi fungua hapo hapo."

Alisikia zipu, na upepo, na mtu aliyeketi kando ya Kubat akiuliza, "Unakula peke yako, bwana?"

"Nimefungua."

"Kuna harufu?"

Kubat angeweza kumdanganya. Lakini mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha kutodanganya kuhusu theluji hata akiona aibu.

"Pua imeganda, mwalimu. Mvuke umetoka kidogo, upepo ukauchukua. Sikuona umeelekea wapi."

"Haya. Omba dua, kisha ule. Mpe na huyo jirani yako."

Omurzak alikuwa ameshavua kofia. Anarkan alitia simu mfukoni, akapitisha viganja usoni. Kisha akakata donge jingine la unga uliokandwa na kulitumbukiza kwenye mafuta, ingawa hapakuwa na mtu aliyesubiri kula.