Kipande cha Figo Langu

Kwetu Vitongoji kiungo kikikatwa hakitupwi. Kidole, mguu, huzongwa kitambaa kikazikwa. Basi nilipovuka bahari kwenda bara kutolewa figo la kushoto lenye saratani, nilitia kitambaa cheupe cha bafta mkobani, nikamwambia daktari mapema: "Figo langu nalitaka, zima."

Mjukuu wangu, anayefanya kazi ya maabara huko bara, akaja kunitazama kabla ya operesheni. Akakaa kitandani, akanikanda miguu. Nikajua ana haja.

"Bibi, naomba kipande cha figo hilo."

"Mume wangu ushanipokonya tangu mdogo, mke mwenzangu. Sasa na figo?"

Akacheka mpaka nesi akageuka. Kisha akanieleza. Mwilini mna vitu viitwavyo RNA. Nyingine hubeba maelezo ya kuunda protini, mwili ukajengwa. Nyingine haziundi protini yoyote, na wataalamu wa zamani waliziona taka. Yeye anazichunguza hizo hizo, kwenye saratani ya figo.

"Hizo goigoi?"

"Zinaamrisha, bibi. Kama wewe kwenye shughuli. Mwiko hushiki, lakini ukisema moto upunguzwe, unapunguzwa."

"Na nikiamrisha vibaya?"

"Pilau linaungua. Huenda na figoni ni hivyo. Amri zikiharibika, chembe za mwili zinakua ovyo, hazisikii la mtu."

Kichwa kilinivimba kwa fahari. Mtoto niliyemfundisha kunawa ananifundisha figo langu! Lakini nizike pungufu, kipande kibaki kwenye barafu ya maabara ya watu? Moyo ulikataa.

"Kitanitibu?"

"Hapana. Wewe utatibiwa na kisu. Kipande hiki labda kitamfaa mtu mwengine, baadaye sana. Na ukikataa sikasiriki."

Hapo akanimaliza. Angenidanganya, ningemfukuza.

"Kipande kama tende tu," nikasema. "Na mtakachobakisha kizikwe."

Akaandika hivyo kwenye karatasi. Nikamwambia anisomee mara mbili, ndipo nikatia dole gumba.

Baada ya operesheni, madaktari walipokwisha kulipima, mume wangu akalichukua akarudi nalo nyumbani kulizika. Mie bado nimelala hospitali, simu ikalia.

"Bi mkubwa, mbona limemegwa?"

"Kipande kimekwenda kusoma na mkeo mdogo."

Nikamsikia akilizonga tena kitambaa.

"Basi mwambie akitunze," akasema. "Figo hilo nimeishi nalo muda mrefu kuliko yeye."