Unga wa calcium ulivyoizuia antibiotic ya baba mkwe, na "shule ya popo" ilivyouokoa mkono wake

Wakuu, salaam kwenu, mlioamka na mnaosukumwa kuamka.

Haya ni ya kweli. Chumvi nitaongeza kidogo, ila nyama ni halisi.

Mie nimesoma shule ya jioni, Temeke. Mchana nauza vifaa vya umeme, jioni naingia darasani na watu wenye wajukuu. Form four nimefanya nikiwa na mke na watoto, na nikafaulu hadi kemia. Mtaa mzima ulijua. Asiyejua nilimfuata kwake.

Mtu mmoja tu hakushtuka: baba mkwe.

Mzee ni mchinjaji Vingunguti. Mkono wake wa kulia ng'ombe wakiuona wanapiga shahada wenyewe. Wageni wakija ananitambulisha: "Huyu mkwe wangu kasoma shule ya popo. Jua likizama ndio akili inakuja."

Nacheka tu. Mkwe hajibiwi, wakuu.

Sasa mzee akajikata kiganjani, mkono huohuo. Ukavimba mpaka ukataka kupangishiwa chumba chake. Hospitali wakasafisha, wakampa vidonge vya antibiotic, ciprofloxacin.

Siku zinaenda, kidonda hakisikii. Daktari akasema kisipobadilika atalazwa, na huko mbele hata vidole viko hatarini.

Mzee anayeongeaga kama spika ya singeli akawa anavihesabu vidole tu. Mchinjaji bila vidole ni nani?

Jumapili tukaenda kumwona, mie na wife. Tukamkuta dada yake wife, shemeji Salma wa Mbezi Beach, muuza virutubisho. Kamletea baba yake kopo la unga kubwa kama ndoo ya rangi: calcium, magnesium, zinc. Anaukoroga kwenye glasi ya maziwa, halafu anampa mzee kidonge cha cipro akimeze humohumo.

"Baba, maliza yote. Hii ndio inaibeba dawa."

Na mnajua mambo yetu. Mgonjwa akiletewa kitu na mwanawe, atakinywa mbele yake hadi tone la mwisho, asimvunje moyo. Mzee alikuwa anakunywa hivyo kila siku.

Mie nikaisoma lebo ya kopo. Calcium, magnesium, zinc... si metali hizi? Ticha wetu wa kemia alitufundishaga kwamba kuna vitu vikikutana na metali vinang'ang'aniana kama ndugu kwenye mirathi. Je, na hicho kidonge?

Lakini nitasemaje? Mkwe hamwongozi mzee mbele ya binti yake. Nikalipiga picha kopo kimyakimya, nikaaga kwamba nafuata maji ya kunywa, nikanyoosha duka la dawa.

Mfamasia, dada mmoja mpole, akaangalia picha. "Anameza pamoja?"

"Pamoja. Na maziwa."

Akashika kichwa. Akasema hayo madini yanaishika cipro tumboni, dawa inaingia kidogo kwenye damu. Na maziwa yenyewe yana calcium. Cipro imezwe kwa maji, angalau saa mbili kabla ya huo unga au saa sita baada yake. Na daktari aambiwe leo leo.

Nilirudi natembea kama profesa. Nikamnong'oneza wife, wife akamvuta dada yake jikoni. Sauti ya shemeji ikatoka hadi sebuleni: "Yaani leo popo kawa daktari?"

Mzee akasikia. Akaniangalia. Akauangalia mkono.

"Mpigieni daktari."

Daktari akasema hivyohivyo. Unga ukawekwa kando mpaka dozi iishe, dozi yenyewe akaipanga upya. Uvimbe ukaanza kushuka, na vidole vyote vipo. Vinasalimia.

Funzo: ukienda hospitali, taja kila unachotumia. Unga, vidonge vya damu, mitishamba, vyote. Na usiache antibiotic kwa kusoma uzi wangu, muulize anayejua. Shemeji Salma bado anauza, ila sasa mteja anaulizwa kwanza: "Una dozi?"

Juzi nimepita machinjioni. Watu wamejaa, mzee yupo kazini, kisu mkono wa kulia. Akaniona, akapaza sauti: "Mpisheni! Popo wangu anapita!"

Wakuu, cheti changu cha form four kipo kwenye fremu, ila sijawahi kujiona msomi kama siku ile.

Nani mwingine yamemkuta ya unga na dozi? Wafamasia mlioko humu nikosoeni. Na mliosoma mchana mnaruhusiwa kuchangia.