Maziwa ya Wachimbaji

Nilitoka Kabalo kwa treni ya mizigo, nimekaa juu ya magunia ya mahindi. Injini ilikufa porini tukapika kando ya reli. Kule Tenke tulilala stesheni mpaka nikawazoea mbwa wake. Kolwezi nilitaka kupita tu. Nilikaa kwa sababu ya mjane aliyeuza bukari, ugali wa kule, pale mtaa wa Musonoi, karibu na mashimo ya madini. Nilimtaka awe mke wangu.

Wachimbaji waliotoka chini aliwamiminia maziwa, kwa kuwa mtaa mzima uliamini maziwa huosha vumbi kifuani. Mimi niliosha mawe mtoni, pekupeku kwenye matope, na waoshaji hawakupewa. Mpangaji mwenzangu, mchimbaji, akikohoa mara moja tu kikombe kinajazwa, kisha yule mama mjane anasimama kumtazama akinywa. Nilimtazama kama mtu anayeona mwingine akiishi katika nyumba yake.

Ndipo nami nikaanza kukohoa, kifua kikipiga filimbi. Nilifurahi. Mama akanimiminia.

"Kunywa, tata. Ile vumbi ni mubaya."

Mwenzangu akacheka. "Vumbi ya wapi? Huyu anaogaka na mawe yake kutwa!"

Kikohozi kilipozidi, mama mwenyewe alinipeleka zahanati. Muuguzi alipima choo changu, akanitazama miguu.

"Tata, haiko vumbi. Iko minyoo. Batoto bake banaingia mu ngozi ya miguu, banapanda mu mapafu, ndiyo unakohoa. Kisha unabameza, banashuka mu tumbo. Kunywa hii kinini ya minyoo, na uvae bote za mpira mu miguu."

Kabla ya jioni mtaa wote ulijua.

"Mama," mwenzangu akaita, "mupe minyoo yake maziwa, iko na njaa!"

Mama naye akacheka. Kicheko chake ndicho kilichoniuma. Nilipona, na maziwa yakakoma.

Lakini mwenzangu alizidi kukohoa, akawa anapumzika njiani kama mzee. Mama akaniomba:

"Tata, umupeleke nayeye kwa muganga. Pengine ni minyoo kama yako."

Nilimpeleka, na njia nzima nilimwomba Mungu iwe minyoo, tena mingi. Muuguzi hakuona hata mmoja. Alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akamwambia aache shimo na aende hospitali kubwa. Ilikuwa vumbi kweli.

Nilimpa mama habari hiyo nikidhani nimeshinda. Nani atamtaka mwanamume asiyeweza kubeba ndoo? Alifuta mikono. Kesho yake aliihamishia mbabula yake ya makaa, moto ungali ndani, mlangoni pa mwenzangu. Nikayaonea wivu hata mapafu yale mabovu.

Siku ileile nilipanda lori la Fungurume, na sijarudi tena. Mama alikuja hadi barabarani.

"Tata, unaenda wapi na kifua kizima hivi? Kazi iko."

 Kutoka uani mwenzangu akaita, mama akageuka upesi, akaenda.