Neno Moja la Bibi

Harufu ya kabichi iliyolala siku mbili ndani ya tenga hainipendezi, wala sijui inampendeza nani. Lakini kila ninapopita penye soko na kuinusa, tamu kidogo, chachu kidogo, na ubichi wa majani ya migomba waliyoifunikia, miguu yangu inakuwa ya mtoto wa miaka kumi anayepanda Uluguru nyuma ya wanawake sita, akiwa amebeba kichwani neno moja tu. Na hasira yangu ya siku ile inarudi ilivyokuwa. Nawaambia nyinyi kwa sababu nyumbani kwetu hakuna tena anayekubali kunisikiliza juu ya jambo hili.

Tulikaa Mafiga, vyumba viwili na ukumbi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, madukani vitu vimejaa mpaka vinaning'inia mlangoni, na mifukoni hamna kitu. Kiwanda alichofanya kazi Baba kilikuwa kinasubiri mwekezaji, na Baba alikuwa amepunguzwa kazini. Yeye hakulitumia neno hilo. Alisema yupo likizo. Kila asubuhi alipiga pasi ovaroli yake ya buluu, akaivaa, akatoka kwenda kusikojulikana, na jioni akarudi nayo ikiwa safi vilevile. Mama alitembeza mitumba nyumba kwa nyumba. Nilipomuuliza likizo ya Baba itaisha lini, alinipa kitunguu nimenye.

Watu wazima walikuwa hivyo. Hawakusema jambo. Walizungukazunguka pembeni yake kama kuku wanaotaka kutaga, na sisi watoto tulitakiwa tujue yai liko wapi.

Kwa mfano, Mjomba Kaspari. Huyu alikuwa kaka wa Mama, mkulima wa mlimani, na kwa mila zetu za Kiluguru sisi ni watoto wa ukoo wa Mama, kwa hiyo Mjomba ana kauli juu yetu. Baada ya Baba kwenda hiyo likizo, Mjomba alishuka na tenga la maharage, akakaa, akasema kule juu nyumba ya marehemu Babu iko wazi na mashamba ya ukoo hayana watu. Hakusema zaidi. Baba alisimama, chai haijaletwa, akashika mlango, akasema kwa upole sana, "Karibu tena, shemeji." Mjomba akachukua kofia yake. Mwaka mzima na nusu hakukanyaga tena kwetu, na mimi mwaka mzima na nusu nilishangaa: mtu amekaribishwa, mbona haji?

Bibi, mama yao Mama na Mjomba, aliletwa mjini baada ya kifua chake kukataa baridi ya mlimani. Akalala chumba chetu watoto. Mjomba hakuja kumwona hata akiwa mgonjwa. Alituma njegere na salamu kwa wanawake wanaoshuka sokoni. Kisha zikaja habari kwamba ukoo ungekaa kikao baada ya mavuno, na kwamba ukikaa, Mama atapandishwa mlimani pamoja na sisi, Baba abaki na ovaroli yake. Mama alikonda. Bibi aliniambia mimi, maana kwa utani wetu mjukuu wa kike ni mke mwenza na huambiwa yote, kwamba alitaka kitu kimoja kabla ya siku hiyo: mwanawe na mkwewe wakae mkeka mmoja. "Ukoo ukisema, basi umesema," aliniambia. "Lakini hawa wawili hawajasema."

Jumatano moja, Mama na Baba wameshatoka, nikiwa nimevaa sare ya shule, Bibi aliniita.

"Mke mwenzangu, leo huendi shule. Panda na wanawake wa sokoni, nenda kwa Kaspari."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie Bibi anaumwa, ashuke leo. Basi. Usiongeze neno. Wakikupa chakula, sema huli."

"Na nikisikia njaa?"

"Utasikia. Na usichekecheke njiani."

Akavua kaniki yake nyeusi akanifunika mabegani, akisema mlimani kuna baridi. Jua lilikuwa linawaka.

Nilipewa kazi na nilitaka kuifanya vizuri. Hili mlikumbuke. Niliwangoja wale wanawake njiani saa nne, wakaja na matenga matupu vichwani, wanacheka, wanasimuliana habari za mteja aliyepapasa kabichi zote na kununua kitunguu kimoja. Mbele yao alikuwa Mama Fulgensia, jirani yake Mjomba, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

Niliwaamkia. Waliitika, kisha Mama Fulgensia akatazama sare yangu, akatazama kaniki.

"Leo si Jumatano? Shule je?"

"Siendi. Nakwenda kwa Mjomba. Bibi anaumwa."

"Si anaumwa tangu masika?"

"Ndiyo. Anaumwa."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyeniuliza neno jingine. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwetu mtoto aliyetumwa na habari kama hiyo hahojiwi. Mmoja alinipa ndizi mbivu, nikasema sili, na sauti yangu ilitetemeka kwa sababu ile ndizi niliitaka sana. "Masikini," akasema, akanishika mkono. Nikaona watu hawa wana huruma kupita kiasi. Njia ilikuwa nyekundu na yenye utelezi kando ya mifereji, ukungu ukikaa juu ya migomba, na wanawake sita wenye midomo niliyoijua walipanda kimya saa mbili nzima. Mama Fulgensia alitangulia mbio. Nilidhani amebanwa na haja.

Nilipofika, uani kwa Mjomba mikeka ilikuwa imeshatandikwa na majirani wamekaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mjomba alikuwa amesimama. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama kawaida.

"Habari za Mafiga?"

"Nzuri."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na Bibi?"

"Bibi anaumwa. Ushuke leo."

Alingoja. Alinitazama kama mtu anayengoja mzigo wa pili ushushwe kwenye gari. Mimi nilikuwa nimeshashusha wote, nimeambiwa nisiongeze neno, nikafunga mdomo. Mjomba akavua kofia. Mkewe akaniletea ugali na kisamvu chenye nazi, chakula ninachokipenda kuliko vyote duniani, nikasema sili. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nilikasirika moyoni. Mtu kukataa kisamvu, na wao wanalia?

Kisha vijana wakakata miti miwili, wakaifunga mkeka katikati, ikawa machela. Nilifurahi mno. Nikajua wanakwenda kumbeba Bibi wampeleke hospitali kubwa. Nilitaka kurukaruka, nikakumbuka nimekatazwa hata kucheka. Tukashuka watu zaidi ya thelathini: machela mbele, wanaume wamevua kofia, wanawake na unga, maharage, sufuria, kuku watatu miguu juu. Mimi nilitembea kando ya machela na kaniki yangu, nikijiona mtu muhimu kabisa.

Alasiri tuliingia Mafiga, na penye kona ya nyumba yetu wanawake, kama ilivyo desturi ya kukaribia msiba, waliangua kilio. Nilishtuka hadi nikadondosha kandambili. Baba siku hiyo alikuwa amerudi mapema, yuko barazani na ovaroli yake anafungua redio mbovu. Aliinua macho akaona watu wa mlimani wanamjia na machela, wanalia, na mbele yao shemeji yake uso umelowa. Sasa kwetu mtu anayelia haulizwi amefiwa na nani. Unamshika kwanza, unampa pole, mengine yatafuata. Baba aliitupa bisibisi, akamfuata Mjomba, akamkumbatia palepale mlangoni.

"Pole, shemeji. Pole sana."

"Pole na wewe," Mjomba akasema kwa kwikwi. "Alikuwa mama yako pia."

"Ni mapenzi ya Mungu," Baba akasema, na akaanza kulia, kwa kuwa alidhani aliyekufa ni mke wa Mjomba.

Walishikana hivyo muda mrefu. Mimi niliona vidole vyao, vya mmoja mgongoni mwa mwenzake, vyeusi kwa grisi ya redio, na vya wa pili vyekundu kwa udongo. Walikuwa wanafarijiana kwa misiba miwili ambayo haikuwepo.

Bibi akatoka ndani na bakuli la uji.

"Kaspari, umekuja," akasema. "Mbona na watu wengi hivyo?"

Kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa. Kuku mmoja akalalamika. Bibi akanywa uji funda moja, akaitazama machela.

"Na hiyo ni ya nani?"

Ningetamani mambo yaishie hapo, yangekuwa ya kuchekesha tu. Lakini Mama alikuwa mitaa miwili mbali, akasikia kilio kikitoka kwake. Alikuja anakimbia. Mtumba wake, mtaji wake wote, aliutupa njiani, na viatu pia. Alipita katikati ya watu haoni mtu, anaita "Mama, Mama," akaingia mlangoni na kugongana na mama yake mwenye bakuli. Aliketi chini sakafuni kwenye uji uliomwagika. Hakulia. Alitetemeka tu, na alitetemeka kwa muda.

Hapo ndipo watu wote thelathini walipogeuka wakanitazama mimi.

"Mtoto huyu alisema Bibi amefariki," Mjomba akasema.

"Alisema," Mama Fulgensia akaunga. "Njiani, kwa mdomo wake."

"Nilisema anaumwa."

"Ndiyo, ulisema anaumwa."

"Basi, anaumwa."

"Sasa kama anaumwa tu, kwa nini ulisema anaumwa?"

Nawaulizeni, mtu anajibu nini hapo? Niliwatazama mmoja mmoja, watu wazima wenye akili, wengine wazee wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro katika swali lile. Nikamgeukia Bibi aniokoe. Bibi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Watoto wa siku hizi," akasema. "Ukimtuma chumvi, anakuletea sukari."

Watu wakacheka. Baba alinichapa fimbo tatu, si za nguvu. Na jina la Mtangaza Msiba lilinikaa mpaka namaliza darasa la saba.

Chakula kilikuwa kimeshakuja, kikapikwa. Bibi akasema kwa kuwa mmeshakusanyika, kaeni kikao, akawaketisha Mjomba na Baba mkeka mmoja, yeye katikati. Wanaume waliokwisha kuliliana shingoni hawawezi tena kujifanya hawajuani. Baba, kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe, alisema, "Shemeji, sina kazi." Alisema hivyohivyo, kavu. Mjomba alitazama chini, akasema na yeye kabichi zinamwozea, walanguzi wanazinunua kwa bei ya matusi. Wiki iliyofuata Baba aliikunja ovaroli akafungua genge la mboga mbele ya nyumba, na Mjomba akawa anashusha matenga. Ukoo ulipokaa baada ya mavuno, haukuzungumza habari za Mama. Walizungumzia mfereji.

Mimi nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, kwenye chumba cha kupanga Dar es Salaam, siku niliyopata barua kwamba rafiki yangu mmoja "anaumwa, njoo". Nilikuwa nimeshafungasha nguo za msibani kabla ya kuuliza chochote. Mkono ukasimama juu ya begi. Nikaona sare katikati ya wiki. Nikaona kaniki juani. Nikaona sahani ya kisamvu niliyoikataa.

Nilipanda mlimani kumkabili Bibi. Alikuwa amesharudi kwake, kifua kimepona, amezeeka, amekaa kizingitini anachambua mchicha.

"Bibi, ulijua watasikia nini."

"Ningemwita Kaspari aje wapatane, angekuja?"

"Asingekuja."

"Haya."

"Na mimi nikaitwa mwongo."

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Haya tena."

Mnaona mtu wa namna gani? Nilikaa nikimtazama nikiwa na hasira na kicheko kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mpango wake, ningeusema vizuri zaidi. Akasema ndiyo maana hakuniambia. Mtoto anayejua angeng'ata midomo, au angetazama chini mahali pasipotakiwa, na Mama Fulgensia angemnusa kabla ya mto wa kwanza. Alihitaji mtu atakayelibeba neno lile akiamini kwamba ndani yake hamna kitu zaidi ya lilivyo. Kwa miaka yote hiyo nilidhani nilishindwa kufikisha ujumbe. Kumbe niliufikisha wote, hata ule ambao sikujua ninao.

Hayo nilimsamehe. Nikamwambia kuna moja nimeshindwa kusamehe: Mama, pekupeku, akimwita mama yake katikati ya watu waliokuja kumlilia. Nikasema Mama hakuhusika na kiburi cha wale wawili, na yeye ndiye aliyelipa.

Vidole vya Bibi viliendelea na mchicha, jani moja, jani jingine, kisha vikasimama. Alitazama bondeni, kule mji ulikokuwa unang'aa mabati. Hakuniita mke mwenzangu, hakusema watoto wa siku hizi. Zamani ningengoja neno, na nisipolisikia ningesema hakuna kilichosemwa.

Nilisogea, nikakaa kizingitini kando yake, nikachukua nusu ya mchicha.