Chupa Niliyoruhusiwa Kuondoka Nayo

Safari hii ilianza kwa simu ya Shija, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye anafanya kazi katika duka la uchapaji huko Wandegeya, Kampala. Alinieleza kwamba amepata mchumba aitwaye Zawadi, binti wa familia ya Wakongo waliokimbia vita na kupata makazi Bukoto, na kwamba mama wa binti hataki kuzungumza habari ya ndoa kabla hajamwona shangazi wa kijana.

"Wanasema kwa kuwa baba hayupo, shangazi ndiye baba," alisema. "Ukiwapendeza, nimeoa. Usipowapendeza, nitazeeka na mashine yangu ya kudurufu."

Kabla sijapanda basi, sina budi kuwaeleza wasomaji habari za soda, kwa sababu bila hizo safari yangu haieleweki. Kila siku, saa kumi alasiri, mimi hunywa soda moja. Si mbili, wala si nusu. Ni ya tangawizi, ya chupa ya kioo, na haijapata kuona friji. Kreti yangu hukaa chini ya kitanda, mahali ambapo watu wengine huweka viatu. Mume wangu huniambia kuwa nakunywa dawa ya kikohozi. Ukweli ni kwamba nina gego la juu, upande wa kushoto, ambalo haliwezi kuvumilia kitu cha baridi. Daktari wa meno amekwisha kuniambia mara tatu kwamba ling'olewe, na mara tatu nimemshukuru, nikachukua mkoba wangu na kuondoka.

Alhamisi, saa moja asubuhi, niliondoka Bukoba. Hadi Mutukula njia ilikuwa njema, na mpakani mihuri ikagongwa bila maneno mengi. Upande wa pili nilinunua soda ya chupa ya plastiki kutoka kwa mama mmoja aliyeipanga bidhaa yake juani tangu alfajiri. Aliniomba radhi kwa kuwa barafu yake imekwisha. Nikamwambia asijali, nami nikaificha furaha yangu. Nilifika Masaka nikiwa mtu mwenye matumaini makubwa.

Saa tisa na nusu alasiri tuliingia Kampala. Shija aliniagiza nimsubiri Nakivubo, mbele ya duka lenye mlango wa kijani, na kwa kuwa msongamano wa magari ulikuwa umemzuia njiani, saa yangu ya soda ikanikuta nimesimama pale na begi, ile ya plastiki nikiwa nimeisahau ndani ya basi. Niliingia dukani, nikapata ya tangawizi ambayo haikuwa baridi, nikalipa, nikageuka kutoka nayo nje.

"Nyabo!" mwenye duka aliita, yaani mama kwa Kiganda. "Wewe nakwenda wapi na chupa?"

"Nakwenda kusimama pale nje, ndugu yangu."

"Chupa hapana toka. Chupa si ya kubeba safali. Iko na chupa tupu? Leta tupu, beba hii. Kama hakuna, kunywa hapa hapa, mimi nakuona."

Nilimweleza kwamba nitakuwa umbali wa hatua sita. Akaniambia kwamba hata mke wake haondoki na chupa. Basi nikanywa nikiwa nimesimama kati ya wachukuzi wawili wa mizigo, huku mwenye duka ameikazia macho ile chupa kama askari anayemlinda mfungwa. Chuoni ninafundisha uandishi wa barua za kikazi, na wanafunzi wangu hunyamaza ninapoingia darasani. Pale Nakivubo gesi ya soda ilinipanda ghafla, ikatoka kwa sauti ambayo singependa waisikie.

"Pole, mama," alisema mchukuzi mmoja kwa heshima. "Sasa imekaa."

Shija alinikuta katika hali hiyo.

Ijumaa nilishinda Wandegeya, katika chumba cha Shija kilicho nyuma ya duka, nikinyoosha gauni langu na kupokea maelekezo. Siku ya mazungumzo mchumbiaji hasemi kitu, hivyo mzigo wote ungekuwa wangu. Nisikatae chakula. Nisisifie sana, wasije wakadhani nawasanifu. Nisiulize habari za vita.

"Na kuhusu vinywaji usiwe na wasiwasi," aliongeza kwa kujiamini. "Nilimwambia Zawadi kwamba shangazi yangu ni mtu wa soda. Wamejiandaa."

Sikumuuliza wamejiandaa vipi, na kosa hilo ni langu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tuliingia katika ua wa nyumba za kupanga huko Bukoto. Kila familia ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Kwa Mama Zawadi mlango ulikuwa umefunguka nusu tu, kwa kuwa nyuma yake lilisimama friji jeupe, refu kunizidi, na waya wake ulipita dirishani, ukavuka ua na kuingia katika nyumba ya jirani. Ilitubidi kuingia ubavu, mmoja mmoja.

Mama Zawadi ni mwanamke wa makamo kama mimi, muuzaji wa vitenge, mwenye sauti iliyozoea soko. Alinikumbatia mara tatu. Kaka yake, Papa Riziki, mzee mfupi aliyevaa suti nzito, alikuwa ndiye msemaji wa familia. Zawadi alinipigia goti, akaingia chumba cha ndani, na nikasikia mlango ukibaki wazi kidogo. Shija alikaa kwenye kigoda, kichwa chini.

"Ikala, mama, ikala," alisema Mama Zawadi, akinionyesha kiti. "Tulisikia weye ni mutu wa sukre." Hivyo ndivyo wanavyoiita soda. "Utakunywa gani? Iko ya machungwa, iko ya nanasi, iko ya tangawizi."

"Ya tangawizi, dada yangu, na ahsante sana."

Alilifungua friji taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa kanisa. Ndani chupa zilikuwa zimepangwa kwa rangi, na ukungu wa baridi ukamwagika hadi miguuni petu. Chupa aliyoichomoa ilikuwa imefunikwa na theluji. Akaiweka mbele yangu, akainua kifungulio ili nishuhudie inavyofunguliwa, na gego langu likapiga mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

Nami, mwalimu wa barua za kikazi, nikasema sentensi hii moja: "Naomba ile ambayo haikukaa kwenye friji."

Kifungulio kilibaki hewani.

"Haikukaa?" aliuliza Mama Zawadi. "Yote ilikaa. Tangu jana asubuyi."

"Labda mama wa Tanzania anaona friji yetu iko na uchafu," alisema Papa Riziki, akilitazama dari.

"Hapana, mzee wangu, sivyo kabisa..."

"Ao alidhani wakimbizi hawana friji," alisema Mama Zawadi, na sasa sauti ya soko ilikuwa imemtoka. "Miaka yote hii batu wanaingiya hapa, wanaangaliya kwanza tuko na nini. Binti yangu hatakwenda mahali watamuangaliya vile."

Shija aliinua kichwa, akanitazama kama mtu anayezama, akakiinamisha tena. Nilifungua kinywa kueleza habari ya gego. Wakati huohuo mlango ulisukumwa, akaingia ubavu mwanamke mrefu aliyebeba beseni.

"Endelea, endelea," alisema. "Mimi Mama Akello, jirani. Nakuja toa samaki yangu tu."

Mama Akello ni mke wa askari polisi, mtu wa kaskazini mwa Uganda. Alifungua friji, akaingiza mkono nyuma ya chupa za machungwa, akatoa sangara wawili waliogandana. "Friji yangu hii ukifungua-fungua sana, barafu nakufa," alimwonya Mama Zawadi kwa wema. Ndipo alipoziona nyuso zetu. "Nini? Nani amekufa?"

Mama Zawadi alikuwa anatazama waya uliopita dirishani, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Shingo yake ilikuwa imejaa jasho. Nikaelewa yote kwa pamoja: kwamba friji lile zito lilibebwa na watu kuvuka ua, kwamba samaki wa watu walihamishwa nyuma, kwamba soda zilipangwa kwa rangi, na yote hayo kwa sababu mtu mmoja asiyejulikana kutoka Bukoba anapenda soda. Nikaelewa pia kwamba maelezo ya gego yalikuwa yamechelewa. Baada ya wale samaki, sababu yoyote ambayo ningeitoa ingesikika kama huruma.

"Dada yangu, nifungulie," nilisema. "Na kama una mrija, nipatie."

Mrija uliletwa. Mpango wangu ulikuwa kuinamisha kichwa upande wa kulia, kinywaji kipite mbali na gego. Niliinama hivyo, nikavuta. Papa Riziki alinitazama kwa makini, akadhani huo ndio utaratibu wa kwetu katika shughuli za posa, naye akachukua chupa yake, akainamisha kichwa kulia. Mama Zawadi akafuata. Mama Akello, samaki mkononi, akainama bila chupa. Tulikaa hivyo, watu wazima wanne, vichwa vimelala upande mmoja kama mihogo iliyopigwa na upepo, hakuna anayecheka.

Funda la tatu lilipotea njia. Sitaeleza maumivu yale. Inatosha kusema kwamba niliiona nuru. Machozi yalinitoka kwa macho yote mawili, yakanitiririka hadi kwenye kola, nami nikaendelea kuvuta mrija, kwa kuwa kuacha katikati kungekuwa kukataa mara ya pili.

"Shangazi nalia," alitangaza Mama Akello kwa sauti ya chini.

Papa Riziki alisimama. "Mimi niliona posa nyingi," alisema, "huko Bukavu na hapa. Batu wanakuja na maneno. Huyu mama alikuja na machozi. Mutoto huyu hana baba, lakini iko na mutu wa kumuliliya." Alitoa leso akajifuta, Mama Akello akajifuta kwa ncha ya kanga yake, na mlango wa ndani ukapiga kwikwi. Mama Zawadi aliniangalia kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akasema, "Sawa. Tuzungumuze."

Tukazungumza. Yaliyobaki yote yalikwenda kama maji: barua ya posa itaandikwa, nami nimepewa kazi ya kuiandika, utambulisho rasmi utafanyika Desemba, mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Kwa furaha Papa Riziki akaamuru nifunguliwe chupa ya pili. "Anaipenda!" alisema. Niliinywa pia, yote. Katika bodaboda ya kurudi Wandegeya, Shija, aliyekaa nyuma yangu, alinipigia kelele sikioni, "Shangazi, sikujua unanipenda kiasi hicho!" Taya langu lilikuwa limekataa kufunguka; lilipolegea jioni ndipo nilipomweleza habari ya gego.

Jumapili, saa tano kasoro asubuhi, nilikuwa kituo cha basi, shavu la kushoto limevimba kama nimeficha ndimu. Shija alikuwa anapakia begi langu nilipomwona Mama Zawadi akipenya kati ya abiria, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge.

"Shija alituambia jana magaribi," alisema. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kama anayekagua embe sokoni. "Juu ya nini haukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema vibaya! Ulisema friji. Ungesema jino. Neno moja tu, mama: jino. Kila mutu anajuwa jino."

Tukatazamana. Nadhani yeye ndiye aliyeanza kucheka, ingawa anadai ni mimi. Tulicheka hadi kondakta akatuomba tusogee, kisha nikashika shavu na kulia kidogo, safari hii sababu ikiwa wazi kwa kila mtu.

Alinipa kile kifurushi. Ndani ya kitenge ilikuwamo soda ya tangawizi, chupa ya kioo, nayo ilikuwa na joto kama yai lililotoka kwa kuku.

"Sikuiweka mu friji. Ililala chini ya kitanda."

"Lakini chupa, dada yangu? Dukani hawaruhusu chupa kutoka hata mlangoni."

"Chupa ni ya Mama Akello. Kreti yake sasa iko na shimo moja, na amekwisha kulalamika." Alifunga kitenge upya, mafundo mawili. "Utairudisha weye mwenyewe. Hapana kutuma mutu. Desemba."

Saa kumi kasoro alasiri tulifika Mutukula. Nilisubiri dakika zitimie, nikaifungua kwa kifungulio cha kwenye funguo zangu, nikainywa nikiwa nimekaa juu ya begi, kichwa kimelala kulia. Halafu nikasimama kwenye foleni. Ofisa wa ukaguzi alifungua mkoba wangu, akafungua mafundo mawili ya kitenge, akainua kile alichokikuta.

"Mama, umetoka Kampala na chupa tupu?"

"Ndiyo."

"Ya kazi gani?"

"Si yangu," nilisema. "Ni ya wakwe zetu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Akaifunga tena, vizuri kuliko alivyoikuta.

Jumanne gego liling'olewa, na kumbe halikuwa jambo kubwa. Darasani nimebadilisha somo moja. Zamani nilikuwa nafundisha kwamba ombi litangulie na sababu ifuate. Sasa ninafundisha kwamba sababu itangulie, tena kwa neno moja kama linatosha. Wanafunzi wameniuliza kwa nini, nikawaambia ni matokeo ya utafiti wa nje ya nchi.

Chupa ipo kwenye rafu ya vitabu, imeoshwa. Mume wangu ameuliza mara mbili kwa nini haiingii katika kreti yangu chini ya kitanda, ambako nafasi ipo. Nimemweleza kwamba kreti yake ni nyingine, iko Bukoto, na kuna mtu analalamika.