Puli Iliyozunguka Vizuri Mno

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kununua kahawa kwa baiskeli, debe moja moja, kutoka migombani Chonyonyo. Leo ghala ni langu, nyumba ya bati la rangi ni yangu, na pikapu ya milango minne iliyosimama uani ni yangu. Nimeiona bei ya kahawa ikipanda mpaka watu wakaongeza wake, nikaiona ikishuka mpaka wale wake wakarudi kwao. Mtu aliyepita hapo utamwambia nini?

Basi nilidhani na magari nayajua.

Pikapu ilianza kulia wiki ile tuliyokuwa tunajiandaa kupeleka mahari ya kijana wangu huko Kyerwa. Ukiiwasha asubuhi inatoa mlio mwembamba, kama nguruwe aliyekamatwa mguu. Nikafungua boneti. Pale mbele ya injini kuna mkanda mmoja mrefu unaozunguka kwenye magurudumu madogo, puli tunaziita, na ndio unaoendesha dainamo na pampu ya usukani. Nikasema, huu mkanda unateleza. Sikwenda kwa fundi. Nilikwenda shambani, nikakata mgomba, nikakinga utomvu, nikaupaka mkandani. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye shati hautoki mpaka shati lichakae, sasa mkanda ungetelezaje? Gari likanyamaza. Nikajisifu kijiweni, na wawili wakaja na chupa niwakingie wa kwao.

Jumamosi ya safari mlio ukarudi, na safari hii una mkwaruzo ndani yake. Nyuma nilikuwa nimepakia mikungu ya ndizi na madumu ya lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndani walikaa shangazi wawili wa kijana, na pembeni yangu mshenga wetu, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu baba. Sisi mshenga tunamwita katerarume, mkung'uta umande, kwa kuwa ndiye anayetangulia njiani ili wenzake wasilowe.

"Kijana," aliniambia, mimi mwenye mvi, "mara ile mvua ilipotukwamisha, baba wa binti alisemaje?"

"Alisema tukichelewa tena, tutaongea baada ya Pasaka."

"Na Kwaresima inaanza lini?"

"Jumatano."

"Na yule karani wa Kayanga anayepita kwao binti kila Jumapili baada ya misa, naye atasubiri Pasaka?"

Nikaongeza mwendo. Kijana wangu alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha binti yule.

Tulipofika Ihanda watu walianza kugeuka barabarani kutuangalia, nikaona nisijitie aibu. Nikaingia kwenye gereji moja ya mabati. Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli la bluu, kitambaa kichwani.

"Shikamoo, tata." Kwetu tata ni baba.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye aliyekuamkia."

Alifungua boneti, akagusa mkanda, akautazama ule weusi kwenye kidole chake, akanusa.

"Tata, humu mmepika matoke?"

Mshenga alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia ni dawa. Akasema dawa yangu ilikuwa imekamata vumbi lote la wilaya, na mgonjwa bado anaumwa.

Akachukua spana, akalegeza chuma kinachoukaza mkanda, akautoa. Kisha akaniita. "Njoo uzungushe mwenyewe. Sibadilishi kitu ambacho mwenye gari hajakisikia kwa mkono wake. Keshokutwa utasema nimekuibia." Akanionyesha puli mbili ambazo kwa kweli hazizungushi chochote. Kazi yake ni kuuongoza tu mkanda upite panapotakiwa. "Wenye magari hawaziulizi kabisa," alisema. "Wanauliza dainamo. Lakini hizi zikigoma, hata dainamo haina kazi."

Nikakunja mikono ya shati. Mimi kahawa ya maganda naijua kwa sikio. Naitikisa kiganjani, nakwambia imekauka au umeianika jana tu ili unidanganye. Nikazungusha puli ya kwanza. Ilikwaruza kama debe la kahawa lililotiwa kokoto.

"Hii imekufa," nikasema.

"Umejua."

Nikawatazama shangazi kuhakikisha wamesikia. Nikazungusha ya pili. Hiyo ilikwenda yenyewe, laini, ikaenda, ikaenda, mpaka mshenga akainama kuiangalia.

"Hii ndiyo nzima," nikasema. "Ona inavyokimbia. Hii hata ukiiuza dukani wananunua."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, tata."

Nilidhani ananitania. Akafafanua taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Puli nzima ina grisi nzito kwenye beringi zake. Ukiisukuma kwa kidole inakwenda kidogo halafu inasimama, kama mtu aliyeshiba. Hii grisi imekauka yote, inakimbia kwa sababu ndani ni tupu. Ile ya kwanza inapiga kelele, utaibadilisha. Hii inayokimbia haikwambii kitu, inakungoja mlimani. Akaegemeza ncha ya bisibisi katikati ya puli, akaniambia niweke sikio kwenye mpini, akaizungusha. Nikasikia majani makavu ya mgomba yakiburutwa, mbali, ndani ya chuma. Kisha akaisukuma kwa dole gumba, nikaiona ikicheza kidogo pembeni.

Nikairudia mwenyewe mara tatu, sikio likiwa kwenye mpini. Shangazi mmoja akamuuliza mwenzake kama ninaumwa.

Fundi alipiga simu duka la vipuri Kayanga, na bodaboda akaja na mkanda mpya na puli mbili. Akazipanga mpya na kuukuu juu ya gunia, bega kwa bega. Moja ilikuwa sawa. Ya pili akaigeuzageuza, akaiweka kando. Ilikuwa na mifereji, na ya kwangu ilikuwa bapa, kwa sababu inaguswa na mgongo wa mkanda. Akapiga simu tena waitume nyingine.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Kule tulitakiwa saa kumi.

"Funga hiyo hiyo," nikasema. "Puli ni puli."

"Funga, mwanangu," mshenga akaniunga mkono. "Tunangojwa na wakwe."

"Naweza kuifunga sasa hivi. Mtafika mkiwa mnang'aa. Kurudi mtasukuma, na shangazi hawa nao watasukuma."

"Nitakuongezea hela."

"Muongezee bodaboda. Mimi hela haiwezi kunibadilishia mkanda mgongo wake."

Akachukua brashi na maji ya sabuni, akakaa kusugua utomvu wangu kwenye puli nyingine kana kwamba hatupo. Miaka mingi sijaambiwa hapana na mtu niliyemwonyesha pesa. Lakini niliitambua sura ile. Niliwahi kuikataa kahawa mbichi ya shemeji yangu mwenyewe, mke wangu akiwa amesimama mlangoni, na hakika uso wangu ulikuwa vile vile. Nikavuta gunia nikakaa. Nilimwangalia akifanya kazi, na nawaambia, nimetazama harusi ambazo hazikupendeza kama kazi ile.

Bodaboda wa pili alipofika, alifunga bila papara. Akafumba jicho moja akatazama ukingo wa mkanda kama seremala anavyotazama ubao, akaniita tena nizungushe. Puli mpya ikaenda kidogo, ikasimama. Imeshiba. Nikawasha. Mlio haukuwepo. Kuukuu mbili akanitia mkononi, kwa sababu kwake hakibaki kitu cha mtu.

Tulifika Kyerwa lango limeshafungwa. Baba wa binti, mwenye lori lake la kubebea mahindi, alikuwa amesimama upande wa ndani na ndugu zake. Hakutufungulia.

"Leo hakuna mvua," alisema.

Kwa desturi mwenye mwana hasemi, anasema mshenga. Mshenga akaninyooshea mkono. Nikampa zile puli. Akazipitisha juu ya lango.

Baba wa binti akatia kidole kwenye ya kwanza, akazungusha, ikakwaruza. Akatia kwenye ya pili. Ikakimbia, ikakimbia, na wote tukaingoja isimame.

"Hii nani ameigundua?"

Ulimi ulinichezea, lakini nikamwangalia mshenga.

"Fundi wa kike pale Ihanda," mshenga akasema. "Alikataa kutufungia isiyofaa, tukamngoja."

"Yule." Akazungusha tena. "Mimi alinikatalia breki za mtumba mbele ya utingo wangu." Akawageukia ndugu zake, wakanong'ona. Kisha akasema, "Mmechelewa. Mtatozwa faini."

Mshenga akanifinya mkono. "Anayerudishwa hatozwi," akaninong'oneza. "Lipa, kijana, usije ukafungua biashara yako hapa."

Nililipa bila kubishana bei, mara ya kwanza tangu nianze kununua kahawa, na lango likafunguliwa. Puli mbili, mkanda, bodaboda wote wawili, ufundi wa yule mwanamke na faini ya langoni, vyote pamoja vilinigharimu shilingi laki moja na elfu hamsini na nne.