Kipenga Changu na Beki wa Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kibendera cha kipande cha pazia kilichofungwa kwenye mpini wa mwiko. Ilikuwa mechi ya vijana wa mitaa, upande wa Ediofe hapa Arua. Katibu wa Waamuzi wa wilaya, mzee mfupi aliyefunga tai hata kwenye vumbi, alinisimamisha kwenye mstari wa pembeni akasema, "Candiru, kazi yako iko moja tu. Angalia beki wa mwisho. Mpira uache, mpira uko na watu wengi wa kuangalia."

Ninyi mnaoanza leo mna vibendera vya duka, lakini kazi ni ile ile. Mshambuliaji akipigiwa pasi huku amekwisha kuwapita mabeki wote na amebaki na kipa peke yake, ameotea, na kibendera kinapanda. Ili kuliona hilo, mwamuzi msaidizi lazima awe sambamba na beki wa mwisho muda wote. Akipanda, unapanda. Akirudi, unarudi. Utamjua beki huyo kuliko mama yake anavyomjua.

Mimi nilitoka sokoni. Mama aliuza vitenge, nami nilikua nikihesabu mikunjo ya kitambaa mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya mteja na ya pili kwa ajili ya mwizi. Tabia hiyo ilinifaa uwanjani. Kabla ya kila kipindi niliwahesabu wachezaji mara mbili. Kule Logiri nilipata kumi na wawili mara zote mbili, nikainua kibendera. Wa kumi na mbili alikuwa shemeji ya kipa, akasema alikuja kusalimia tu.

Baada ya misimu miwili Katibu akaanza kunituma Koboko. Huko nilimkuta Kamisaa wa mechi, yaani afisa anayekaa mezani na kuwapa waamuzi alama kama mwalimu. Hakuwa amewahi kuletewa mwanamke. Akanipima kuanzia viatu, akauliza, "Unajua kukimbia kinyumenyume?" Nikamjibu nimezoea, maana sokoni askari wa manispaa wanatokea mbele. Hakucheka, lakini alama alinipa.

Siku hiyo hiyo nilifanya ukaguzi. Msaidizi anapita kwa wachezaji mmoja mmoja kutazama njumu, vikinga vya ugoko na mapambo. Pete, cheni, bangili, vyote vinavuliwa kwa sababu vinakata watu. Nikafika kwa nahodha wa Koboko, beki wa kati, mrefu, mtu wa Abuku, jina lake Lemi. Mkononi alikuwa na bangili ndogo ya shanga iliyofungwa kwa uzi wa kushonea.

"Toa."

"Madam, hii mtoto wangu ndiye alifunga. Nikitoa, atalia mpaka firimbi ya mwisho."

"Kanuni inakataa."

"Na plasta juu yake?"

"Hata plasta."

"Basi ongea na yeye mwenyewe. Mimi nimeshindwa."

Mwenyewe alikuwa msichana wa miaka mitano, Keji, amekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba ndani ya koti la baba yake. Nikamwambia nitamtunzia bangili mpaka mpira uishe. Akanitazama. "Hutaiba?"

"Refa haibi."

"Tangu lini?" akapiga kelele mtu mmoja nyuma ya kamba, na uwanja mzima ukacheka. Hata Kamisaa.

Mama wa Keji alikwenda Juba kufanya biashara, akapata mume huko. Mtoto akabaki kama mzigo unaongoja lori. Lemi alimchukua kila mahali. Wakati wa mapumziko kocha alifoka, na Lemi alisikiliza huku akimsuka mtoto nywele. Mashabiki wa wapinzani walimwimbia, "Mama Keji! Mama Keji!" kila alipougusa mpira, naye aliwapungia mkono kama mbunge.

Nilikwenda sambamba na mtu huyo kipindi kizima, mechi baada ya mechi. Wengine kazini wanaiba nafasi ya kumtazama wanayempenda. Mimi nilikuwa nimeagizwa na Katibu.

Yeye hakunisogelea hata mara moja. Mwisho wa msimu alikuja Keji. "Baba anasema asante. Anauliza pia kama uko na simu." Baba mwenyewe alikuwa mbali, anafunga mfuko ambao nilikuwa nimeshamwona akiufunga.

Msimu ukiwa umelala yeye na Keji walikuja Arua kila Jumamosi, wakanywa chai kwenye kibanda cha mama. Nami nilipelekwa Abuku. Mama yake Lemi alinitazama nikila mihogo, akauliza, "Huyu ndiye anapuliza firimbi?"

"Bado anashika kibendera, mama."

"Akija hapa atapuliza," akasema mama, akaniongezea mihogo.

Msimu mpya ulipokaribia nilikwenda kwa Katibu nikamweleza yote. Mwamuzi hujitaja mwenyewe kabla watu hawajamtaja. Akalegeza tai, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Binti, mapenzi sikatazi. Lakini timu yake inacheza na kila timu ya ligi hii. Mechi yoyote nitakayokupa, watu watasema unampangia bwana wako nafasi. Mmoja wenu aweke kitu chini. Na wewe jina lako nimeshalipeleka Kampala kwa mtihani wa mbio."

Mtihani huo ndio mlango wa kupanda daraja na kupewa kipenga, na katika mkoa wetu wote wa West Nile tulikuwa wanawake wawili tu tuliokaribia kuufikia. Nikamwita Lemi. Tukakaa kwenye hoteli ndogo karibu na mtaa wa mafundi cherehani. Alikuwa amekwisha kufikiri, akaongea mwenyewe kwanza.

"Nipe msimu mmoja. Timu iko pazuri, vijana siwezi kuwaacha barabarani. Msimu ukiisha, viatu naweka juu ya dari, naleta wazee kwa mama yako."

"Acha leo," nikasema.

"Candiru. Leo?"

"Leo."

Hapa naomba msomaji anielewe. Nilikotoka, bei ya kwanza haitajwi ili ilipwe. Inatajwa ili watu wapate pa kuanzia. Nilisema leo ili tukutane katikati. Msimu mmoja ningeupokea. Misimu miwili ningeipokea pia, kwa kununa kidogo.

"Leo siwezi," akasema, taratibu, kama mtu anayelipa.

"Basi."

Nikasimama, nikatoka. Hiyo nayo ndiyo desturi ya sokoni. Bei ikigoma unaondoka, tena polepole, unagusagusa vitu vya jirani, na mwenye kukutaka anakuita: dada, rudi, tuongee. Kuondoka ni sehemu ya mazungumzo. Mama alikuwa anasema mteja asiyejua kuondoka ni mteja atakayelala njaa.

Nilifika kona ya mafundi. Nikashika vifungo mezani kwa fundi mmoja. Akauliza, "Unatafuta rangi gani?" Nikasema yoyote. Nikavihesabu, nikavirudia kuvihesabu, nikavinunua, nguo ya kuvishonea sina. Nyuma yangu hakuna aliyeita. Simu ilikuwa mfukoni, lakini aliyeondoka akipiga simu mwenyewe amekubali bei yoyote, na mimi wakati huo nilijiona bidhaa ya juu. Jumamosi iliyofuata mama alipanga vikombe vinne kibandani. Viwili havikuguswa.

Mtihani wa Kampala nilifaulu. Nilipewa kipenga, nikapuliza Gulu, Lira, Soroti. Katibu mpya alipokuja nilimwomba asinipange Koboko, akafikiri naogopa mashabiki, nikamwacha afikiri hivyo. Nilikuwa mwamuzi mzuri, sisemi kwa kiburi. Wachumba nilipata wawili, mmoja akiwa na mke Yumbe, wa pili na mke Adjumani. Lemi nilisikia ameoa mwanamke wa Koboko, na kwamba Keji anamwita mama bila kulazimishwa. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Kwa ajili yangu sikuuliza.

Goti ndilo lililonistaafisha. Mwamuzi anakimbia mtihani kila mwaka, na mwaka goti linapokataa hakuna wa kulibembeleza. Katibu wa sasa, kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika kibendera, alinipa mkono kwa heshima akasema, "Mama, umetufunza kazi." Nikarudi kwenye vitenge vya marehemu mama.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, mtu mrefu aliinama chini ya turubai langu.

"Madam."

"Nahodha."

"Wazee wa mume wanakuja kwa ajili ya Keji. Nataka kitenge, akina mama wa kwetu wavae sare."

Nilimteremshia vitambaa. Alikuwa na mvi, na miguu yake bado ya beki, imesimama ikiwa imetanuka kana kwamba mtu atapita. Tukaongea habari za Keji, ambaye sasa ni muuguzi. Halafu, kwa sababu sina tena Kamisaa wa kunipa alama, nikauliza.

"Siku ile mbona hukuniita?"

Akashangaa kweli. "Kukuita? Ulisema basi, ukageuka. Refa akishaamua akageuka, wewe unarudi nafasi yako. Ukimfuata unaongeza kosa juu ya kosa. Mimi nimecheza mpaka meno yakalegea, na hakuna refa hata mmoja atasema Lemi alinifuata nyuma."

"Nilikuwa pale kona, kwa fundi. Nilingoja."

"Ulingoja nini?"

"Uniite. Msimu mmoja ningekubali."

Alishika pindo la kitambaa, akalisugua kwa kidole gumba kama anayetafuta kasoro. "Mimi nilikaa pale mpaka mwenye hoteli akapandisha viti juu ya meza," akasema. "Nilisema labda atabadilisha uamuzi. Halafu nikajiambia, mwamuzi mzuri habadilishi. Na wewe ulikuwa mzuri."

Ninyi mnaoshika vibendera sasa, nawapa hili ambalo halimo kwenye mafunzo. Kazi hii inawazoesha watu kuutii mgongo wako. Uwanjani ni heshima kubwa, bila hiyo mpira haumaliziki. Lakini watu wa karibu nao wanajifunza, wanakutii hata pale unapotaka mtu mmoja tu asikutii. Mkiwa mnataka kuitwa, semeni kwa mdomo. Mimi nilidhani ninajua kupatana bei kuliko wote West Nile, na sikuwahi kuuliza mwenzangu amejifunzia soko gani.

Nilimfungia kitenge. Akanipa mkono, akaushika kidogo kupita kawaida, akatoka. Alitembea polepole kati ya meza, polepole kuliko miguu ile ilivyohitaji, na nilifungua mdomo. Barabarani mkewe alikuwa juu ya pikipiki, ameshaiwasha, amesogea mbele kumwachia nafasi.

Nikaufunga mdomo. Nikaanza kukunja vitambaa alivyoviacha.